Jinsi ya Kumpima Mshambuliaji Mpya Anayekosa Mabao katika Ligi ya Ugenini

Tarehe 20 Januari 2020 Mbwana Samatta alisajiliwa na Aston Villa akitokea Genk ya Ubelgiji, na siku chache baadaye akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Ilipofika Septemba mwaka huohuo alikuwa Fenerbahçe ya Uturuki kwa mkopo, akiwa amefunga bao 1 katika mechi 14 za ligi aliyoiacha. Vijiweni hukumu zilikuwa mbili: wengine walisema kocha wa Villa, Dean Smith, hakumpa nafasi ya kutosha, na wengine walisema kiwango chake kiliishia Ubelgiji. Hukumu zote mbili zilitolewa kwa kutazama idadi ya mabao peke yake, na idadi hiyo haiwezi kukueleza kwa nini mtu hafungi.

Mwongozo huu ni kwa shabiki anayetaka kuelewa anachokiona, kwa mwandishi wa michezo anayetakiwa kutoa maoni kila wiki, na zaidi kwa kiongozi wa klabu ambaye saini yake ndiyo inayomwaga fedha. Msingi wake ni kwamba bao ni hatua ya mwisho ya kazi ya watu wengi. Klabu inapomnunua mtu aliyefunga mabao 20, hupata miguu na kichwa chake. Waliompikia mabao hayo hubaki walikokuwa. Kwa hiyo uchunguzi unapaswa kuanza mbali na lango na kuishia langoni, ilhali sisi wengi huanza na kumalizia palepale langoni.

Chambua kwanza mabao aliyofunga alikotoka

Tafuta video za mabao yake kama 20 ya mwisho kabla ya uhamisho, uyatazame ukiwa na kalamu na karatasi. Kwa kila bao andika ni nani aliyetoa pasi ya mwisho, mfungaji alikuwa wapi mpira ulipoondoka mguuni mwa mpigaji, safu ya ulinzi ya wapinzani ilikuwa imepanda au imejaa ndani ya eneo la hatari, na mfungaji aliugusa mpira mara ngapi kabla ya kufunga. Penalti ziweke kando, kwa sababu katika timu mpya huenda kuna mpigaji mwingine na hatapewa hata moja. Ukimaliza bao la 20 utaona picha ikijirudia, na hiyo picha ndiyo bidhaa halisi iliyonunuliwa.

Katika msimu wa 2018/19, Genk ilipotwaa ubingwa wa Ubelgiji na Samatta akafunga mabao zaidi ya 20 ya ligi, nyuma yake na pembeni yake walikuwapo Leandro Trossard, Ruslan Malinovskyi na, kwa sehemu kubwa ya msimu huo, Alejandro Pozuelo. Hao ni watu waliojua kuupeleka mpira nyuma ya mabeki kabla beki hajageuka. Trossard alikwenda Brighton, Malinovskyi akaenda Atalanta, Pozuelo akaenda Toronto, wote ndani ya mwaka 2019. Idadi ya mabao iliyokuwa ikitajwa Birmingham, mji wa Aston Villa, wakati wa usajili ilikuwa mali ya kikosi ambacho tayari kilikuwa kimetawanyika.

Mfano wa Timo Werner unaonyesha jambo hilohilo kwa upande mwingine. Alifunga mabao 28 ya Bundesliga akiwa RB Leipzig msimu wa 2019/20, na alipohamia Chelsea akafunga 6 ya ligi katika msimu wake wa kwanza. Mbio zake hazikupungua. Kilichopungua ni uwanja wa kukimbilia, kwa sababu Leipzig ilikuwa hodari wa kunyang'anya mpira na kushambulia kwa kasi kabla wapinzani hawajajipanga, ilhali timu nyingi zinazocheza na Chelsea hurudi nyuma na kufunga njia. Mchambuzi aliyeyatazama mabao ya Leipzig kwa kalamu angeuliza kuhusu uwanja huo wa kukimbilia kabla ya hela kutoka.

Hesabu mipira inayomfikia

Hapa ndipo penye kazi kubwa zaidi, na ndipo watu wengi wanapopita haraka. Keti mbele ya luninga au uwanjani na uamue kwamba kwa dakika 90 hutaufuata mpira, utamfuata mshambuliaji. Weka alama kila anapougusa mpira ndani ya 18 ya wapinzani, yaani eneo lao la hatari. Weka alama nyingine kila anapopokea mpira akiwa mgongo umelielekea lango. Na alama ya tatu kila anapokimbia kwenye nafasi nzuri lakini pasi isije. Alama hii ya tatu ndiyo ambayo takwimu za kawaida haziionyeshi, nami naithamini kuliko zote, kwa sababu mshambuliaji anayekimbia vizuri mara 8 na kupewa mpira mara 1 hawezi kulaumiwa kama yule anayesimama akisubiri.

Aston Villa ya msimu wa 2019/20 iliruhusu mabao 67 katika mechi 38. Ni Norwich pekee iliyoruhusu mengi zaidi. Ilifunga 41, na mfungaji wake bora wa ligi alikuwa Jack Grealish, aliyekuwa na mabao 8. Kabla ya Samatta, namba 9, yaani mshambuliaji wa kati, alikuwa Wesley, Mbrazil aliyetoka Club Brugge, ligi ileile ya Ubelgiji, ambaye alifunga mabao 5 katika mechi 21 za ligi kabla ya kuumia goti Burnley siku ya mwaka mpya. Timu inapowapata washambuliaji wawili kwa mfuatano na wote wawili wanakosa mabao, mchunguzi mwadilifu lazima aigeukie timu. Zaidi ya hayo, mabao yote mawili ambayo Samatta aliifungia Villa, lile la ugenini dhidi ya Bournemouth tarehe 1 Februari na lile la fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City tarehe 1 Machi, aliyafunga kwa kichwa. La fainali lilitokana na krosi ya Anwar El Ghazi, na Samatta alijirusha kuifuata kama alivyozoea Genk. Mpira wa aina yake ulipokuja, alijua la kufanya nao. Tatizo ni kwamba ulikuja kwa nadra mno.

Siku hizi kuna kipimo kinachorahisisha sehemu hii, nacho ni mabao yanayotarajiwa. Kila shuti hupewa thamani kati ya 0 na 1 kulingana na mahali lilipopigwa, kiungo cha mwili kilichotumika na aina ya pasi iliyotangulia. Penalti huwa na thamani ya karibu 0.8, ilhali shuti la nje ya 18 mara nyingi halifiki hata 0.1. Jumlisha thamani za mashuti yake yote. Iwapo mtu amecheza mechi 10 na jumla ni 1.2, basi hata mfungaji bora wa dunia angetoka hapo na bao 1 au 2, na unayepaswa kumhoji ni kiungo, winga na kocha. Iwapo jumla ni 6 naye amefunga 1, hapo ndipo unapopata haki ya kuzungumzia umaliziaji wake.

Hata hivyo, kuwa makini na hesabu ndogo. Chukua mshambuliaji mzuri ambaye kila shuti lake lina nafasi 15 kati ya 100 za kuwa bao. Katika mashuti 10 ya mwanzo, uwezekano wa kutofunga hata moja ni karibu 20 kwa 100. Yaani katika kila washambuliaji watano wazuri wa aina hiyo, mmoja atapiga mashuti 10 bila kufunga kwa bahati tu, bila kasoro yoyote, na mmoja huyo ndiye tutakayemwita garasa kwa sababu tu ni mgeni. Dennis Bergkamp alipohamia Arsenal mwaka 1995 alicheza mechi 7 bila bao, na magazeti ya England yalikwisha kuanza kumcheka kabla hajawafunga Southampton mara 2 mwezi Septemba. Thierry Henry naye alisubiri hadi katikati ya Septemba 1999 kufunga bao lake la kwanza akiwa Arsenal, kisha akaumaliza msimu huo akiwa na mabao 26 katika mashindano yote.

Linganisha ligi mbili kwa haki

Ligi hazitofautiani kwa ubora tu. Zinatofautiana kwa namna waamuzi wanavyoruhusu kugongana, kwa umbali kati ya safu ya ulinzi na kipa, na, jambo ambalo husahaulika, kwa pengo kati ya timu za juu na za chini. Mshambuliaji wa timu inayopigania ubingwa katika nchi yenye pengo kubwa hucheza mechi nyingi ambazo timu yake inashambulia muda wote. Darwin Núñez alifunga mabao 26 ya ligi ya Ureno akiwa Benfica msimu wa 2021/22, na 9 katika msimu wake wa kwanza wa ligi akiwa Liverpool. Kwa hiyo yagawe mabao ya mchezaji wako katika makundi mawili: yale dhidi ya timu za nusu ya chini ya msimamo, na yale dhidi ya wapinzani wakubwa na katika mashindano ya bara. Kundi la pili lina uzito zaidi, ijapokuwa idadi yake ni ndogo. Samatta alikuwa ameifunga Liverpool palepale Anfield katika Ligi ya Mabingwa mwezi Novemba 2019, na bila shaka bao hilo lilisaidia kuwashawishi Waingereza. Lakini bao moja la kona halitoshi kuwa kipimo cha msimu mzima.

Wakati huohuo usikimbilie kusema kwamba ligi mpya imemshinda. Rasmus Højlund alipofika Manchester United mwaka 2023, alifunga mabao 5 katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa, likiwamo moja dhidi ya Bayern München, huku katika Ligi Kuu akisubiri hadi tarehe 26 Desemba kufunga bao lake la kwanza, dhidi ya Aston Villa. Miguu ilikuwa ileile, wiki zilikuwa zilezile. Hali ya namna hiyo inakutaka urudi kwenye karatasi ya mipira inayomfikia, ukilinganisha mashindano mawili ya mtu mmoja.

Uliza kocha anamtaka afanye nini

Wapo washambuliaji wanaonunuliwa kwa ajili ya mabao na kupewa kazi nyingine siku wanapofika. Mmoja ataambiwa awe wa kwanza kuwakaba mabeki wapinzani wanapoanzisha mpira. Mwingine ataambiwa ashikilie mpira mgongo ukiwa umelielekea lango hadi viungo wafike. Wa tatu atawekwa pembeni kwa sababu katikati kuna mwenyewe. Robert Lewandowski alitoka Lech Poznań kwenda Borussia Dortmund mwaka 2010, na katika msimu wa kwanza, namba 9 ikiwa ya Lucas Barrios, alifunga mabao 8 ya ligi, mara nyingi akitokea benchi au akicheza nyuma ya mshambuliaji. Msimu uliofuata alipokabidhiwa nafasi ya mbele alifunga 22. Luka Jović yeye hakupata nafasi hiyo: baada ya mabao 17 ya Bundesliga akiwa Eintracht Frankfurt, alikokuwa na wenzake Sébastien Haller na Ante Rebić pale mbele, alikwenda Real Madrid mwaka 2019 akamkuta Karim Benzema, na msimu ukaisha akiwa na mabao 2 ya ligi.

Swali la kuuliza hapa ni jepesi: alikotoka alikuwa peke yake mbele au na mwenzake, na sasa je? Mtu aliyezoea kuwa na mwenzake wa kugombania mipira ya juu, akiwekwa peke yake dhidi ya mabeki wawili wa kati wenye miili mikubwa, hubadilishiwa kazi hata kama namba mgongoni ni ileile.

Tazama kalenda

Anayesajiliwa dirisha dogo, yaani usajili wa katikati ya msimu, hukosa maandalizi ya msimu, na mara nyingi huitwa na timu ambayo tayari ina moto nyumbani. Edin Džeko alifika Manchester City Januari 2011 akafunga mabao 2 ya ligi hadi msimu ukaisha. Baada ya maandalizi ya kiangazi aliifunga Tottenham mabao 4 katika mechi moja mwezi Agosti. Samatta hakuipata bahati hiyo. Alifika Januari katika timu inayopigana isishuke, ligi ikasimamishwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, ikarejea tarehe 17 Juni viwanja vikiwa havina mashabiki, na Villa ikanusurika siku ya mwisho kwa pointi 1. Kwa kipindi chote hicho hakuwahi kupata wiki 6 za mazoezi na wenzake bila shinikizo la mechi.

Nami nasisitiza jambo moja katika rekodi yake ambalo wachache hulitaja. Genk yenyewe, aliyojiunga nayo Januari 2016, haikupata zaidi ya mabao 20 ya ligi kutoka kwake katika msimu mmoja hadi ule wa 2018/19. Ilimvumilia, ikamjengea timu, ikavuna ubingwa. Villa ilikuwa na nusu msimu tu, na fedha za kununua mwingine.

Usidharau maisha ya nje ya uwanja

Lugha, nyumba, familia, kibali cha kazi na chakula si visingizio. Mshambuliaji hutegemea maneno mafupi yanayopigwa kelele kwa nusu sekunde, na asiyeyaelewa huchelewa hatua moja, ambayo kwa namba 9 ndiyo kazi yenyewe. Samatta alipotoka Simba kwenda TP Mazembe mwaka 2011 alifikia Lubumbashi, mji ambao mtaani watu huzungumza Kiswahili, na bila shaka hilo lilimpunguzia ugeni. Huko alikaa karibu miaka 5 na mwaka 2015 akatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika. Fiston Mayele naye alipotoka AS Vita ya Kinshasa kuja Yanga mwaka 2021 hakuja peke yake: beki wa kulia Djuma Shaban alitoka naye klabu hiyohiyo, na Yannick Bangala alikuwa amewahi kuichezea. Mayele aliifunga Simba bao pekee katika mechi ya Ngao ya Jamii mwezi Septemba, na akamaliza msimu wake wa kwanza akiwa na mabao 16 ya ligi. Klabu zetu zinaposajili mgeni mmoja na kumwacha hotelini bila mtu wa kumwelekeza, kisha mashabiki wakamsubiri kwa imani ya mgeni njoo mwenyeji apone, hapo zinajinyima zenyewe mabao zilizoyalipia.

Sasa tazama umaliziaji

Ukishapita hatua hizo zote, geukia lango. Dalili za mshambuliaji aliyepoteza imani huonekana waziwazi: anaongeza mguso mmoja palipohitaji shuti la kwanza, anatoa pasi akiwa mita 10 kutoka langoni, au kinyume chake anapiga kutoka mbali kila anapopata upenyo ili aondokane na mzigo. Dalili mbaya kuliko zote ni kuacha kukimbilia maeneo ya kufungia. Anayekosa nafasi 3 katika mechi moja angali hai, kwa sababu alikuwepo mahali pa kuzikosa. Anayemaliza mechi bila kukosa hata moja ndiye wa kutiliwa shaka. Diego Forlán alifika Manchester United Januari 2002 na akasubiri hadi Septemba kufunga bao la kwanza, tena kwa penalti. Kisha mwaka 2004 akahamia Villarreal na katika msimu huo wa kwanza akawa mfungaji bora wa Hispania kwa mabao 25.

Kwa maoni yangu, hukumu yoyote kabla ya dakika 900 za kuanza mechi, yaani kama mechi 10 kamili, haina msingi, na kwa aliyesajiliwa dirisha dogo dakika hizo zihesabiwe baada ya maandalizi ya msimu unaofuata. Dakika za kuingia kipindi cha pili timu ikiwa nyuma zihesabiwe kando, kwa kuwa mechi ya dakika ya 80 si mechi ileile.

Kwa kipimo hiki, jibu langu kuhusu Samatta ni kwamba Villa haikumpima, kwa sababu haikuwa na muda wala timu ya kumpimia. Aliyekuja baada yake, Ollie Watkins kutoka Brentford, alifunga mabao 14 ya ligi katika msimu wa 2020/21. Watkins ni mshambuliaji mzuri, tena mkabaji hodari kuliko Samatta, na hilo lisifichwe. Lakini alianza na msimu, alimkuta kocha aliyewahi kumfundisha Brentford, na aliingia katika timu iliyokuwa imesajili watu wapya wa kumpelekea mipira, ambayo jumla ya mabao yake ya ligi ilipanda kutoka 41 hadi 55.

Kiongozi wa klabu anayetaka kuutumia mwongozo huu afungue jalada la mchezaji siku ya usajili, aweke humo karatasi ya mabao 20 ya zamani, kisha amwombe kocha aandike kwa mkono wake ni nani katika kikosi kilichopo atakayetoa pasi za aina ile. Kocha akishindwa kutaja hata jina moja, usajili huo usubiri hadi mtoa pasi apatikane. Akiyataja, na dakika 900 zikapita, mipira ikawa imemfikia, mabao yanayotarajiwa yakawa mengi, kazi aliyopewa ikawa ileile aliyoizoea, naye bado hafungi wala hakimbilii tena maeneo ya kufungia, basi hapo klabu ina haki ya kumtafutia timu nyingine, na imwambie sababu hizo ana kwa ana huku karatasi ikiwa mezani.